Uchumi unakua, lakini bei ya dagaa anaipanga nani?

Uchumi wa Tanzania umekua, na takwimu hizo sizipingi. Kwa karibu miongo miwili kabla ya Uviko ulikuwa ukipanda kwa asilimia sita au saba kwa mwaka. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuingiza kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, na sisi wa Mwanza tukafurahi kama Watanzania wengine. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: mama anayeanika dagaa pale Igombe au Kayenze amepata nini katika ukuaji huo?

Wapo wanaoamini kwamba uchumi ukishakua, neema itamfikia kila mtu, ni suala la kusubiri tu. Hawajakosea kabisa. Mwaka 2007 Watanzania wa Bara 34.4 kati ya kila mia walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2011/12 walikuwa 28.2. Huko ni kushuka kwa kweli, na aliyeishi vijijini miaka hiyo aliona mabati yakichukua nafasi ya nyasi. Ila angalia kilichofuata. Uchumi uliendelea kukua kwa kasi ileile, na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ukakuta asilimia 26.4. Miaka sita, pointi zisizofika mbili. Kwa kuwa tunazaliana kwa kasi, idadi yenyewe ya maskini iliongezeka, kutoka kama milioni 12 hadi takriban milioni 14. Na mstari unaozungumzwa hapo ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani hata 1,700 kwa siku haifiki. Aliyeuvuka kwa shilingi mia mbili anahesabiwa kwamba ametoka kwenye umaskini.

Kwa hiyo ukuaji uleule ulimfikia maskini kipindi fulani, kipindi kingine ukampita. Kwa nini? Mimi nimezaliwa na kukulia hapa kando ya Ziwa Victoria, na jibu langu nimelipata kwa kuangalia samaki.

Sangara hakuwa samaki wetu. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, mpaka aina nyingi zikatoweka, kisha akazaliana kupita matarajio ya mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaanza kujengwa viwanda vya minofu, na minofu ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Huo ulikuwa ukuaji usio na shaka: fedha za kigeni zilikuja, vijana wakapata ajira viwandani, wenye mitumbwi na nyavu wakajenga nyumba. Bei ya sangara mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa, ikapanda. Lakini mwanamke aliyekuwa akinunua samaki mzima, akamkaanga au kumbanika na kumuuza mtaani, hakuweza tena kushindana na wakala wa kiwanda aliyekuja na barafu na fedha taslimu. Akabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Watu wakazoea kuyala mapanki, tena kwa kuyanunua. Bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki yuleyule, sasa linasafirishwa mpaka Uchina kwa bei inayozidi ya minofu mara nyingi, na mvuvi aliyeshika kamba usiku kucha hajui thamani yake inaishia wapi.

Halafu Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, mara ya mwisho ikiwa 1999, kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Hasara ilishuka ngazi kwa ngazi, kiwanda kwa wakala, wakala kwa tajiri mwenye mtumbwi, hadi ikamkuta kijana wa kambini ambaye hakuwa na mtu wa kumshushia. Faida ilipokuja haikushuka kwa ukamilifu ule.

Nasema hivi bila kuwachukia wenye viwanda. Bila wao kusingekuwa na mnunuzi. Hoja yangu ni kwamba maskini ana vitu viwili tu vya kuuza, kazi yake na mazao yake, na ukuaji unamfikia pale ambapo bei ya kimojawapo inapanda na yeye ana sauti katika kuipanga. Asipokuwa na sauti hiyo, kiwanda kinaweza kuwa mtaa wa pili na maisha yake yasibadilike.

Mfano wa upande mzuri upo, na hauko mbali. Mgodi mkubwa wa dhahabu Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na dhahabu ikapanda hadi kuwa miongoni mwa bidhaa zinazoongoza kutuletea fedha za kigeni. Lakini utafiti ule wa 2017/18 uliikuta Geita ikiwa na umaskini ulio juu ya wastani wa taifa. Mgodi wa kisasa unahitaji mitambo mingi na watu wachache, na chakula kinachonunuliwa kuwalisha wafanyakazi wake hakitoshi kuinua mkoa mzima. Kisha mwaka 2019 serikali ikafanya jambo ambalo naona halijasifiwa vya kutosha: iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na ikafungua masoko ya madini, la Geita likiwa la kwanza, mwezi Machi. Mchimbaji ambaye zamani alimwuzia dalali gizani kwa bei ya dalali, sasa anaingia mahali penye mizani na bei ya siku inayotangazwa. Dhahabu ni ileile, shimo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji anaijua bei kabla hajafungua mkono.

Sasa turudi kwenye dagaa, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Dagaa ni samaki wa wanyonge kuanzia maji hadi sahani. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola. Mbalamwezi ikitoka, kambi zinapumzika. Asubuhi akina mama wanasubiri ufukweni, wananunua kwa ndoo, wanaanika, wanageuza, wanajaza viroba. Kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mzigo unakwenda kila kona ya nchi hii, na unavuka mipaka hadi Rwanda na Kongo. Hakuna samaki katika ziwa hili anayelisha mikono mingi kama huyu, na fedha yake inazunguka hapahapa: kwa mbeba mizigo, kwa fundi mitumbwi, kwa mama lishe, kwenye ada ya mtoto.

Tatizo lake nililiona nikiwa mdogo na bado lipo. Wengi wanaanika mchangani na juu ya mawe. Mvua ikishuka mchana mmoja tu, mzigo uliokuwa chakula cha watu unageuka chakula cha kuku, na bei inaanguka papo hapo. Mnunuzi analijua hilo. Anajua pia kwamba yule mama alinunua ndoo zile kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, na marejesho yanadaiwa wiki hiyohiyo. Basi anasubiri. Saa kumi jioni mama anauza kwa bei yoyote. Nimemwona shangazi yangu akiuza hivyo, huku akihesabu kwa vidole kiasi kitakachobaki baada ya mkopo, na vidole vilikuwa vingi kuliko fedha. Mwanamke huyo amefanya kazi tangu alfajiri. Mzigo wake unaingia kwenye pato la taifa kama mzigo mwingine wowote. Ukuaji umeandikwa, yeye amelala na deni.

Najua tuna mambo makubwa ya kujivunia. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita tatu, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema hasubiri tena kivuko. Hilo peke yake linatosha kuniondolea maneno. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, itakapokamilika itapunguza gharama za mizigo. Lakini hata neema kubwa ina waliokuwa wakila upande wa pili: aliyekuwa akiuza ndizi na mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya kivuko alipoteza wateja siku moja na daraja. Daraja lilistahili kujengwa. Na yeye alistahili mtu wa kumwuliza mapema atahamia wapi.

Ninachodai si kikubwa mbele ya daraja wala reli. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini, zenye paa la nailoni linalopitisha jua, kila mwalo wenye dagaa wa kutosha. Ghala la pamoja ambapo mama anaweza kuweka viroba vyake wiki mbili, akapewa stakabadhi na kukopea stakabadhi hiyo, badala ya kuuza kwa hofu ya mawingu. Mfumo wa stakabadhi ghalani tunao tayari kwenye korosho na mazao mengine, na una kasoro zake, malipo kuchelewa ikiwa kubwa kuliko zote. Kwa hiyo usiletwe kwa amri. Uletwe kwa wanaotaka, na fedha ilipwe kwa simu siku hiyohiyo. Na bei ya siku ya Mwaloni Kirumba itangazwe kwa ujumbe mfupi hadi Ukerewe na Ukara, ili mnunuzi asiwe peke yake anayeijua.

Fedha ipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ilemela, Buchosa na Ukerewe zina mialo ya dagaa na zinakusanya ushuru humohumo. Madiwani wanapokaa kupitisha bajeti, waulizwe ni vikundi vingapi vya waanika dagaa vimepewa mkopo huo, vilipewa mwezi gani, na kama ulitosha hata chanja moja yenye paa. Jibu libandikwe kwenye mbao za matangazo pale mwaloni, ambapo wenyewe wanaweza kulisoma na kulikanusha.