Nyigu anayeingiza DNA mwilini mwa kiwavi: hii ni "GMO ya asili" kweli?

Kuna hoja naisikia sana tangu Kenya ilipoondoa marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara, Oktoba 2022, marufuku iliyokuwepo tangu 2012. Kwamba watu wanaogopa bure mana asili yenyewe inahamisha vinasaba kila siku, na mfano unaoletwa ni nyigu. Wanaopinga nao wanajibu huo ni ujanja wa maneno, nyigu na maabara wapi na wapi. Mimi naona huyo nyigu katajwa sana ila hajaangaliwa vizuri.

Tumchukue Cotesia sesamiae, nyigu kidusia wa hukuhuku Afrika, yaani watoto wake wanakulia ndani ya mdudu mwingine. Ni mweusi, urefu milimita 2 au 3 hivi, ukimkuta juu ya bua la hindi utadhani sisimizi mwenye mabawa. Anamtafuta bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi na mtama, anamfuata mpaka ndani ya tundu lililojaa kinyesi kama unga wa mbao, anamchoma na kumwachia mayai mengi kwa mpigo. Kikawaida mwili wa kiwavi ungeyamaliza hayo mayai, seli za damu yake zinalizunguka yai tabaka juu ya tabaka mpaka linafia humo ndani. Ila nyigu hajaingiza mayai peke yake, kaingiza na virusi vinavyoitwa brakovirusi.

Hapa ndo pa kushangaza. Hivi virusi nyigu hakuviokota popote. Miaka kama milioni 100 iliyopita babu wa hawa nyigu aliingiwa na kirusi cha kundi la nudivirusi, DNA yake ikabaki kwenye kromosomu za nyigu, na tangu hapo inarithishwa kizazi hadi kizazi. Virusi vinatengenezwa kwenye ovari za nyigu jike, na ndani yake zinafungashwa duara za DNA zenye jeni (vinasaba) za kumvuruga kiwavi, wakati jeni za kuunda kirusi chenyewe zinabaki kwa nyigu, kwa hiyo virusi vikishaingia kwa kiwavi haviwezi kuzaliana. Zile duara zinaingia kwenye seli za damu, nyingine zinakatika sehemu maalumu na kujiunga kabisa na DNA ya kiwavi, afu kiwavi mwenyewe anaanza kuzalisha protini zinazoizima kinga yake. Mojawapo inaitwa CrV1, inazifanya seli za damu zishindwe kulishika yai. Baadaye mabuu wa nyigu wanatoka kwa kutoboa ngozi ya kiwavi na kujifuma vifuko vyeupe pembeni yake.

Sasa wanaosema "asili inafanya" wana ushahidi mzuri tu. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa na Hispania walionyesha kwamba vipande vya brakovirusi vimo kwenye DNA ya kipepeo monarch, nondo wa hariri na viwavi wa jenasi Spodoptera, jenasi ileile ya viwavijeshi vamizi wanaotusumbua mashambani. Yaani wapo wadudu waliopona, jeni zikaingia mpaka kwenye mbegu za uzazi, vizazi vikarithi. Hilo halina ubishi tena.

Ila ukiendelea kusoma utafiti huohuo hoja inageuka. Baadhi ya hizo jeni zinaonekana kumkinga kiwavi dhidi ya bakulovirusi, na bakulovirusi ndo virusi vinavyotumika kutengeneza dawa za kibiolojia za kuua viwavi! Adui kampa mdudu silaha. Na watafiti haohao walionya kwamba tukija kuwabadilisha nyigu vinasaba, tuseme tuwape jeni ya kuhimili dawa ili wasife shamba likipuliziwa, jeni hiyo inaweza kuvuka mpaka kwa wadudu waharibifu. Kwa hiyo mfano wa nyigu unaonyesha kuhama kwa jeni ni kitu cha kawaida, sikatai, ila unaonyesha vilevile kwamba matokeo yake huwezi kuyapangia. Ukitaka kuutumia mfano huu, beba na nusu ya pili.

Na wale wa upande wa pili wasikimbilie kusema basi nyigu wasiachiwe mashambani. Mwaka 1993 Cotesia flavipes aliletwa Kenya kutoka Asia kupambana na bungua Chilo partellus, naye mgeni kutoka Asia, na ni njia inayompunguzia mkulima mdogo gharama za dawa na sumu anayovuta akipulizia. Jeni kufika kwenye uzazi wa kiwavi aliyepona ni jambo la nadra mno, wengi wanakufa na DNA yao.

Kinachonikaa kichwani ni wale wanaopona. Cotesia sesamiae wa pwani, upande wa Mombasa, akitaga ndani ya bungua aina ya Busseola fusca mayai yanazingirwa na kufa, wakati yule wa Kitale, magharibi mwa Kenya, anafanikiwa kwa bungua huyohuyo, na CrV1 yao imekutwa inatofautiana. Yaani nyigu asiyelingana na kiwavi anaacha virusi mwilini mwa mdudu bila kumuua. Ndo mana swali la kwanza kabla ya kuachia nyigu popote, awe wa kuletwa au wa hapahapa, liwe viwavi wangapi waliochomwa wanafika kuwa nondo na kutaga.