Siku sita za Kagera, na mwezi mmoja kabla yake

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mkoani Kagera kuna watu tisa wanaohisiwa kuugua Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, na wanane kati yao wameshafariki. Kesho yake Waziri wa Afya, Jenista Mhagama, akasema wahisiwa wamepimwa na hakuna aliyekutwa na virusi hivyo. Jumatatu ya tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akasimama Dodoma, pembeni yake Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa shirika lile lile, akasema mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu kumi: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane waliohesabiwa kwa dalili zao na ukaribu wao na wagonjwa. Wote kumi walikufa.

Katika siku hizo sita watu mitandaoni walishika pande mbili. Kuna waliosema serikali inaficha kama ilivyoficha wakati wa korona. Na kuna waliosema wakubwa wa Geneva, makao makuu ya shirika hilo, wametutangazia ugonjwa kabla maabara yetu haijasema neno, tena wiki mbili kabla marais hawajaingia Dar es Salaam kwa mkutano wa nishati. Nimeyasoma mabishano hayo kwa muda mrefu kuliko ilivyonifaa, na naona kila upande ulishika kitu cha kweli kisha ukakivuta mbali mno.

Tuanze na namna taarifa inavyopanda. Mgonjwa anafika zahanati, anaandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya: jina, umri, kijiji, alichoambiwa anaumwa. Mwisho wa wiki muuguzi anajumlisha magonjwa yaliyo kwenye orodha ya ufuatiliaji na kuyatuma wilayani, siku hizi kwa simu ya mkononi, hata iwe kitochi. Kama hakuna mgonjwa anatuma sifuri, maana nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mtu kama kijiji ni kizima au muuguzi yuko likizo. Kipindupindu, tauni, homa za virusi zinazotoa damu na mengine machache hayasubiri wiki iishe. Hayo ni ya saa 24. Kutoka zahanati taarifa inakwenda kwa mratibu wa wilaya, kisha mkoani, kisha wizarani. Na wizara ikishapima uzito wa tukio na kuona linaweza kuvuka mpaka, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaipa nayo saa 24 kuijulisha Geneva.

Kando ya ngazi hiyo kuna mlango wa pili, unaoitwa tetesi. Katika kazi hii tetesi ni taarifa kama taarifa nyingine, inaandikwa na kufuatiliwa. Mwenye duka la dawa akiona pakiti za ORS, dawa ya mtu anayeharisha, zimeisha siku mbili, au mwenyekiti wa kitongoji akiona nyumba moja imezika watu watatu, anapaswa kuwa na namba ya kupiga. Geneva nako wana mlango kama huo. Kanuni zinaliruhusu shirika kupokea habari zisizotoka serikalini, mradi liiulize nchi husika, na nchi ijibu. Habari za Kagera ziliwafikia tarehe 10 Januari kwa njia hiyo, kutoka vyanzo vya ndani ya nchi. Kwa hiyo anayesema shirika lilivunja taratibu amekosea. Lilipitia mlango ambao Tanzania yenyewe iliukubali ilipokubali kanuni hizo.

Lakini tusiicheke serikali inayosita, kwa sababu kusita huko kuna historia, na kwetu historia hiyo ina harufu ya samaki. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu nchi hizo zilikuwa na kipindupindu. Zuio lilidumu hadi katikati ya 1998. Shirika la Afya Duniani lilisema hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya samaki hao ni ndogo, lakini kauli hiyo haikuuza minofu ya sangara. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hajawahi hata kuharisha alijikuta analipia ugonjwa wa watu wasiokuwa na choo mahali pengine kabisa. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa Liberia, Guinea na Sierra Leone, watalii walifuta safari za Serengeti. Monrovia iko karibu zaidi na Madrid kuliko Arusha, ila sikusikia mtu akifuta safari ya Madrid.

Kisha ikaja Novemba 2021. Wanasayansi wa Afrika Kusini walikiona kirusi kipya cha korona, tarehe 24 wakalijulisha shirika, na ndani ya siku mbili Uingereza na nchi nyingine zikafunga milango kwa ndege za kusini mwa Afrika. Wiki haikwisha Uholanzi ikagundua kirusi hicho hicho kwenye sampuli zake za tarehe 19 na 23, yaani kilishafika Ulaya kabla Afrika Kusini haijasema. Aliyesema kwanza ndiye aliyefungiwa. Ukiwa waziri wa nchi inayotegemea watalii, somo hilo hutalisahau.

Kuna hoja nyingine ya upande huu ambayo husemwa mara chache, nayo ni ya maabara. Mgonjwa wa Marburg akitolewa damu siku mbili tatu za mwanzo, kipimo kinaweza kutoka hasi ilhali virusi anavyo. Na mgonjwa aliyetangazwa tarehe 20 alithibitika kwenye maabara tembezi ya Kabaile hukohuko Kagera, kisha Dar es Salaam. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba waziri, siku aliyoongea, alisema alichokiona kwenye karatasi. Kosa ninaloliona mimi ni dogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo: sampuli zilizopimwa kutokuwa na virusi ni jambo moja, na mkoa kutokuwa na Marburg ni jambo jingine. Wananchi walisikia la pili, na sidhani kama kuna aliyejitahidi kuwazuia wasilisikie hivyo. Sentensi moja ya nyongeza, kwamba upimaji unaendelea na wanane waliokufa bado hatujajua kilichowaua, ingeiokoa tarehe 15 isigongane na tarehe 20.

Wanaolaumu usiri nao hawakuanza juzi. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, mkurugenzi mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, alieleza hadharani matokeo ya utafiti: kati ya watu 533 waliopimwa, asilimia 15.6 walionyesha dalili za maambukizi ya Zika. Wizara ikajibu kwamba nchini hakuna Zika. Kabla ya siku mbili kupita uteuzi wake ukatenguliwa. Unaweza kusema, na wako waliosema, kwamba utafiti si tangazo la mlipuko, na kwamba jambo zito namna hiyo hutangazwa na wizara. Nakubali nusu. Lakini kama tatizo lilikuwa ni nani mwenye kipaza sauti, karipio la ofisini lingetosha. Mwele akaenda kufanya kazi Shirika la Afya Duniani, akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele hadi alipofariki Februari 2022. Sisi tulibaki na kila mtafiti wa nchi hii akijua bei ya takwimu.

Ya korona yanajulikana. Takwimu za mwisho za kitaifa zilitoka tarehe 29 Aprili 2020, wagonjwa 480 na vifo 16, kisha kimya cha zaidi ya mwaka. Siku chache baadaye tukasikia habari za sampuli za papai na mbuzi zilizokutwa na korona, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Huenda mashine zilikuwa na hitilafu kweli. Maabara ikikosea inarekebishwa, na hesabu inaendelea ikiwa na onyo pembeni. Hapa hesabu ndiyo iliyozimwa, hadi Samia alipounda kamati na kamati ikashauri, Mei 2021, takwimu zirudi.

Sasa, kinachonifanya nisiamini kwamba usiri ni lazima, au kwamba ni tabia yetu isiyobadilika, ni wizara yenyewe. Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Watatu walifariki. Kila mtu aliwaza Ebola. Wizara ilitoka ikasema kuna ugonjwa ambao bado haujajulikana, dalili ni hizi, vipimo vya Ebola na Marburg vimetoka hasi, tunaendelea. Siku chache tu baadaye jibu likapatikana: homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, unaotibika kwa dawa za kawaida. Machi 2023, hukohuko Kagera, Bukoba Vijijini, ilikuwa hivyo hivyo. Tarehe 16 wizara ilitangaza ugonjwa usiojulikana, tarehe 21 Waziri Ummy Mwalimu akautaja kwa jina lake, Marburg. Wagonjwa waliishia tisa, vifo sita, na Juni mlipuko ukafungwa. Mwaka huohuo watalii waliingia nchini 1,808,205, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kufikiwa. Mtu atasema Bukoba si Serengeti, na ni kweli. Bado ni ushahidi kwamba neno “hatujajua bado” liliwahi kutamkwa na wizara ya Tanzania na mbingu zikabaki mahali pake.

Jirani zetu Rwanda walikwenda mbali zaidi. Walitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024 na wakawa wanatoa hesabu kila siku: wapya, waliopona, waliokufa, waliopimwa. Tarehe 5 Oktoba dozi 700 za chanjo ya majaribio zilikuwa zimeshatua Kigali. Waliishia na wagonjwa 66 na vifo 15. Watu hupenda kuweka namba hizo pembeni ya kumi kwa kumi za Kagera, na hapo naomba breki. Wagonjwa wengi wa Rwanda walikuwa wahudumu wa hospitali za mjini, waliougua mita chache kutoka kwenye dripu na mashine za kupumulia. Wa Kagera walikuwa watu wa vijijini. Uwazi peke yake hauwaponyi watu. Na haukuiepusha Rwanda na adhabu pia: Marekani iliwatahadharisha raia wake wasiende bila sababu ya lazima, na abiria waliotoka huko wakapelekwa kukaguliwa kwenye viwanja vichache vilivyoteuliwa. Walichopata kwa kusema mapema ni chanjo ndani ya siku nane.

Ibara ya 43 ya kanuni inaitaka nchi inayofunga mpaka kupita kiasi ieleze sababu zake za kisayansi kwa Shirika la Afya Duniani. Inaitaka ieleze, haina cha kuifanya isipoeleza. Marekebisho yaliyopitishwa Juni 2024 na kuanza kutumika Septemba 2025 yameongeza mengi, ila hakuna mfuko wa kumfidia mvuvi wa Ukerewe. Hapo serikali zetu zina dai la haki, na ningependa kuzisikia zikilisema kwa sauti kubwa zaidi badala ya kulitumia kama kisingizio nyumbani.

Na nyumbani ndiko kwenye jambo linalonikera kuliko siku zile sita. Ufuatiliaji uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza anayejulikana alianza kuumwa tarehe 9 Desemba 2024. Kutoka hapo hadi tarehe 10 Januari ni mwezi mzima. Wanane kati ya kumi walizikwa bila maabara kusema lolote juu yao. Sisi tulibishana nani aliwahi kutangaza, kana kwamba ugonjwa ulianza siku Tedros alipofungua simu yake.

Mwaka juzi nilikaa nusu siku kwenye zahanati moja ya Kanda ya Ziwa, nikisubiri usafiri. Muuguzi alikuwa peke yake, kitabu cha MTUHA kiko mbele yake, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Nilimuuliza ataandika nini akimpata mtu mwenye homa kali na damu puani. Akacheka. Akasema ukiandika malaria, hakuna anayekupigia. Ukiandika homa ya kutoka damu, utapigiwa mara tatu kabla ya saa sita mchana, na wote watatu watakuuliza una uhakika gani, na nani amekuambia utumie maneno hayo. Sampuli aliwahi kutuma mara moja, kwa bodaboda, ndani ya chombo cha barafu. Nauli alitoa mfukoni. Majibu, alisema, bado anayasubiri, na yule mama aliyetolewa damu ameshahamia kwa mwanawe Geita.