Siku Tuliyombeba Mheshimiwa

Ukitaka kujua mtu wa Kampala amekuja kijijini kufanya nini, usisikilize salamu zake. Chungulia nyuma ya gari. Ukikuta magunia matupu yamekunjwa vizuri, ya kila saizi, na tenga la kuku pembeni, ujue huyo hakuja kukutazama. Amekuja sokoni, soko lenyewe ni wewe, na malipo ni "Mungu awazidishie."

Shemeji yangu, mume wa dada, hufika na magunia hayo kila mavuno. Ni mtu mzuri, tena mcheshi, na Kiswahili chake ni kile cha kambini maana amekulia Nsambya, kwenye kambi ya polisi ya Kampala, kwa hiyo akija kwetu Bweyale hapati shida. Huku kwetu Waacholi, Walango, Waaluri, Wanyoro, wakimbizi wa Sudan Kusini na Wakenya waliohamia, wote tunakutana kwenye Kiswahili, hasa pale mtu anapokudai. Kasoro yake shemeji ni moja tu: anaamini chakula cha kijijini hujiotea chenyewe.

"Nyinyi huku mna raha," huniambia, amesimama na viatu juu ya turubai langu la mahindi. "Hamnunui kitu."

Nianzie wapi? Mbegu nimenunua. Dawa ya viwavijeshi nimenunua, wale walioingia Uganda miaka ile ya 2016 na 2017 na mpaka leo hawajaaga. Vibarua wa kupalilia nimewalipa, na chai wamekunywa. Ukishavuna, mwezi wa saba, huwezi kupumzika, maana lazima mahindi yakauke mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi, la sivyo yanaingia sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Machi 2021 Kenya ilipoyafungia mlango mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu hiyo hiyo, wafanyabiashara walitoweka huku kwetu, tukabaki sisi na mahindi tunatazamana. Mvua ikianza kunyesha saa nane usiku tunaamka nyumba nzima, pamoja na bibi, kukunja turubai. Halafu anakuja mtu na viatu.

Safari hiyo alifika Jumamosi jioni amevaa buti mpya za mpira, karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye kisigino cha kushoto. Alikuwa ametazama video za ufugaji wa nguruwe. Kabla hata ya kumaliza chai alitoa simu, akaanza kunipigia hesabu: jike mmoja, watoto 12, mara mbili kwa mwaka, nusu yao ni majike, nao wanazaa. Mwaka wa tatu nilikuwa na ghorofa Ntinda, kule Kampala. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye nguruwe (mimi ni msaidizi tu), akamuuliza pumba na mukene, yaani dagaa, vya kuwalisha ameviweka mstari gani. Akapandisha na kushusha kidole kwenye simu. Katika hesabu ile nguruwe walikuwa hawali.

Kesho yake alfajiri jike letu likasusa chakula. Anazunguka banda, anaguna, anatafuna mlango. Mke wangu akaingia, akambonyeza mgongoni kwa mikono miwili, na yule nguruwe akasimama tuli, masikio yamesimama pia. Hapo hakuna haja ya daktari: yuko kwenye joto, anataka dume, tena leo. Ukichelewa joto linapita, unangoja siku 21 nyingine, na siku zote hizo anakula pumba zako bila kukuletea faida.

Dume la kutegemewa lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, kwa mzee mmoja ambaye watu wamemsahau jina, wanamwita Mzee wa Dume. Dume lake anaitwa Mheshimiwa. Nilipouliza kwa nini, mzee alinijibu kwamba huonekana tu kukiwa na jambo lake, hula kwanza, na akishamaliza shughuli humwoni tena mpaka msimu mwingine. Malipo ni mtoto mmoja wa nguruwe, na mzee ndiye anayechagua wa kwanza.

Kwa kawaida Mheshimiwa hutembea kwa miguu, kamba mguuni, mzee nyuma na fimbo, na akirudi anaoshwa kwato kwa maji yenye Jik kwa kuogopa homa ya nguruwe. Homa ile haina dawa. Ikiingia bandani unabaki kuhesabu mizoga. Lakini asubuhi hiyo mzee alikuwa na maumivu ya goti. Bodaboda walipomwona Mheshimiwa, kilo zaidi ya 150, wakakumbuka wana abiria mahali pengine.

"Kwani shida iko wapi?" akasema shemeji. "Gari si lipo?"

Nikamtazama. Gari lenyewe ni Ipsum, viti ndiyo kwanza vimetoka kuoshwa. Nikamwambia shemeji, huyu si mbuzi. Akanijibu kwamba mnyama ni mnyama, na kwamba sisi wa kijijini tunapenda kuona kila kitu ni kigumu. Pia alitaka video.

Tukalaza viti vya nyuma, tukaegemeza ubao, tukaweka beseni la machicha ya pombe ndani kabisa. Mheshimiwa alipanda mwenyewe, kwa heshima zake zote. Mzee akakaa mbele kwa sababu ya goti. Nyuma akabaki nani wa kushika kamba? Msaidizi.

Wewe ambaye hujawahi kufungiwa na dume la nguruwe kwenye gari lililofungwa vioo, nitakueleza jambo moja. Dume akihisi yuko njiani kwenda kwenye shughuli, hutafuna. Hatafuni chochote, anatafuna hewa, na povu jeupe linamjaa mdomoni, zito, lina harufu ya mkojo uliokaa, na ndiyo harufu inayowalainisha majike. Alipomaliza machicha alinigeukia, akanilalia begani, akanipangusia povu lote hilo kwenye shati langu la kanisani. Kila kona tuliyokata, kilo zote zilihamia kwangu. Shemeji akafungua kioo chake, akatoa kichwa nje, akaendesha hivyo hivyo.

Kwenye barabara kuu tukakuta kizuizi cha polisi. Afande wa kike, sare imenyooka, akatusimamisha. Vioo vya nyuma vya shemeji ni vyeusi, huoni ndani.

"Mko wangapi humu?"

Kabla shemeji hajajibu, mzee akadakia. Yeye hamwiti yule mnyama kwa jina lingine hata mbele ya padri.

"Tuko watatu, afande. Na Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yuko wapi?"

"Yuko nyuma, amejilaza."

Nilimwona kupitia kioo. Alirekebisha kofia, akavuta mkanda, akasogea kwenye dirisha la nyuma, akabana miguu na kupiga saluti.

"Habari ya asubuhi, Mheshimiwa!"

Mheshimiwa akaitikia. Gari likatikisika.

Mlango ulifunguliwa kwa kasi ambayo siwezi kuieleza. Afande akatazama pua, akatazama povu, akanitazama mimi niliyekuwa nimebanwa pembeni na kamba yangu mkononi.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni upande wa bibi harusi, afande."

Hakucheka. Akauliza kibali cha kusafirisha mnyama, kile anachotoa daktari wa mifugo. Shemeji akashuka, akashika kiuno, akaeleza kwamba yeye anafanya kazi Kampala, ametoka tu hapo na anakwenda hapo, na kwamba kwa vile huku ni kijijini...

"Kijijini ndiyo hakuna sheria?" afande akamkatiza. "Homa ya nguruwe inasafiri kwa kitu gani, kwa barua?"

Shemeji akanigeukia, uso umebadilika. "Kumbe nguruwe ana makaratasi?" akaninong'oneza. Ana makaratasi, shemeji. Na ukitaka kumuuza unapitia kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kwa barua, naye mwenyekiti ana kalamu yake na bei ya wino.

Tukampigia daktari, akaja na pikipiki, suti ya kanisani na Biblia kwenye koti. Kusubiri kulichukua muda, na jua la huku halina mchezo. Kilichotokea kwenye mazulia ya Ipsum wakati huo nitakifupisha: Mheshimiwa alikuwa amekula beseni zima la machicha. Daktari akamkagua macho, ngozi na masikio, akaandika kibali juu ya boneti, akapokea ada yake. Aliyelipa ni shemeji, kwa sababu mimi mikono yangu haikuwa ya kushika noti.

Tulipoanza kuondoka afande akagonga kioo. Nikajua tumekwisha. Akainama, sauti imelainika kabisa.

"Mzee, huyu ni mbegu ya Camborough?"

"Amechanganyika, afande. Mama yake."

"Nina majike mawili kule nyumbani. Nipe namba yako."

Siku hizi ukimwona mzee anapita pale kizuizini na fimbo yake, anasalimiwa kuliko diwani.

Tulifika nyumbani saa sita hivi. Kumbe mke wangu alikuwa amelegeza kamba ya mlango wa banda ili mambo yaende haraka, na jike likamaliza kazi iliyobaki. Likatoka mbio uani, pua juu. Mimi nilikuwa wa kwanza kushuka, shati limelowa povu la Mheshimiwa kuanzia kola mpaka vifungo.

Yule nguruwe alinijia moja kwa moja.

Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikazunguka rundo la muhogo, akazunguka. Akanifikisha kwenye ukuta wa jikoni, akanigeuzia mgongo, akaniegemea magotini kwa uzito wake wote, halafu akasimama tuli, masikio juu. Anangoja.

"Usisogee!" mke wangu akapiga kelele. "Ukisogea ataingia kwenye mahindi!"

Nikabaki pale. Majirani waliokuwa wakitoka kanisani wakasimama kwenye ua, wengine wakaomba watoto wapishe waone vizuri. Mwenyewe Mheshimiwa, aliyehangaikiwa kote huko, alishuka kwenye ubao, akanusa upepo, akaenda kwenye kivuli cha mwembe na kulala. Safari ilikuwa imemchosha. Na shemeji, ambaye tangu kizuizini hakuwa amesema neno, ndiyo akakumbuka kwamba alitaka video.

Ile video iko kwenye kundi la WhatsApp la familia mpaka leo. Shangazi yangu wa Arua hunitumia kila ninapotoa maoni juu ya jambo zito.

Shughuli yenyewe ilifanyika jioni, Mheshimiwa alipoamka, ikaisha salama. Shemeji alikuwa kisimani na ndoo na sabuni ya kipande, amevua zile buti, anasugua mazulia. Watoto wangu walimsaidia kwa kumwonyesha alipopaacha. Magunia yake yalirudi Kampala yakiwa matupu, si kwa uchoyo wetu. Yeye mwenyewe alisema chakula kikiwekwa humo ndani hakitalika. Aliondoka vioo vyote vinne viko chini.

Nguruwe hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, siku 114 kwa jumla, na hilo la kwetu halikupitisha hata usiku mmoja. Walizaliwa 11. Mama yao alimlalia mmoja. Mzee wa Dume akaja na goti lake, akachagua wa kwanza, mnene kuliko wote. Jioni hiyo simu ikalia.

"Shemeji! Nimesikia wamezaliwa. Wangapi?"

Nikamwambia. Nikasikia anabonyeza hesabu.

"Sasa," akasema, "mimi nilitoa gari, nikatoa mafuta, nikalipa kibali. Wangu ni wawili, si ndiyo?"

"Wako ni wawili, shemeji, hakuna ubishi. Njoo uwachukue. Mama watoto ameshakuwekea ubao."

Kukawa kimya kidogo, halafu simu ikakatika. Baadaye aliniandikia kwamba mtandao wa huku kwetu ni mbovu sana.