Iddi ya Gazeti la Sambusa

Sambusa za wakati wa magharibi hapa Kibokoni, Mombasa, hufungwa kwa gazeti, na gazeti lenyewe halichaguliwi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, karatasi kuukuu zimepata wateja upya. Hununuliwa kwa kilo. Ukurasa mpana hupasuliwa vipande vinne, kila kipande huviringwa kuwa pembe, ncha ya chini hukunjwa, zikaingia sambusa sita. Muuzaji anayejali hutanguliza karatasi nyeupe ndani, maana wino wa gazeti na mafuta ya moto hupatana upesi sana. Asiyejali atakuuzia sambusa yenye maandishi, tena yanayosomeka kinyumenyume. Na ile ncha inayokunjwa mara nyingi ndiyo kona ya juu ya ukurasa, pale gazeti linapoweka tarehe yake. Ikishaloa mafuta hukatika, ikabaki kwa paka.

Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo baya zaidi. Watu wanasafisha nyumba kwa ajili ya Iddi, magodoro yanainuliwa, droo za makabati zinakung'utwa, na magazeti yaliyotandikwa humo miaka yanateremshwa ngazi hadi kwenye karai la sambusa. Sasa jiulize, mtu huhifadhi gazeti gani? La bei ya unga halihifadhi mtu. Huhifadhi la harusi, la mazishi ya mkubwa fulani, na la Iddi.

Basi jioni ya Ramadhani 26, tukiwa tumeshafungua kwa tende na maji, Shangazi akamimina sambusa kwenye sinia na kuikunjua ile karatasi aitandike chini ya jagi. Akasimama.

"Nyinyi! Mwezi umeandama!"

Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la kampeni: IDDI KESHO. Juu yake palikuwa na picha ya wazee wanatazama mbinguni, mmoja uso wake umefunikwa na doa la mafuta.

"Umeandama vipi na leo ni 26?" akauliza Ami. Ami alikuwa karani bandarini hadi alipostaafu, na hesabu hazimpiti. "Mwezi una siku 29 au 30. Huu wenu umekatwa kodi?"

"Basi kuna walioanza mbele yetu."

"Walituzidi siku tatu?"

"Ami, hujui mambo ya mwezi Mombasa hii?"

Hapo Ami akanyamaza, kwa sababu hoja ilikuwa na nguvu. Sisi hapa tumezoea nyumba moja kuwa na Iddi mbili: wanaofuata Makka wanakula biriani, wanaongojea mwezi wa hapa wanawapikia huku wamefunga. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, tofauti ya siku moja haimtikisi, na akishakubali ya siku moja, ya siku tatu ni suala la kuongeza tu.

Angalau karatasi ingejitetea kwa rangi. Gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili ya mti, ndiyo maana likipigwa na hewa na mwanga linageuka manjano. Lakini karatasi iliyokwisha kulowa mafuta ya sambusa huwa manjano hata kama imechapishwa asubuhi. Ushahidi ulikuwa umekaangwa.

Shangazi hakungoja mashahidi wengine. Simu kwa muuza nyama: mbuzi, kilo 5, kabla hajafunga. Simu kwa fundi wa kanzu kule Biashara Street: anataka zote nne usiku huu huu. Fundi akasema haiwezekani, akaambiwa Iddi ni kesho, akauliza nani kasema, akaambiwa gazeti. Kwa heshima ya gazeti akawasha cherehani. Kanzu moja ilikuja na mikono miwili ya kulia, nyingine haikuwa na tundu la kichwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyoshonwa vizuri kuliko zote.

Jikoni ndiko kulikoharibika zaidi. Nyama ya biriani huroweshwa kwa mtindi, tangawizi, thomu na ndimu, na ikiwa mbuzi ni mzee huongezwa papai bichi lililokunwa. Vijiko vichache vya mezani vinatosha, tena kwa saa moja au mbili. Papai bichi lina kimeng'enya kinachoitwa papaini, nacho kazi yake ni kuzivunjavunja protini za nyama. Hakijui kwamba wewe unataka ilainike tu. Shangazi, kwa haraka ya Iddi, alikuna papai zima. Kisha akaenda kukaanga vitunguu kilo 2, kazi isiyoruhusu kugeuza shingo, maana vitunguu vya biriani hutoka hudhurungi na kuingia mkaa kwa muda wa kupokea simu moja.

Wasichana nao wakakaa foleni ya hina. Haya sitayacheka, kwani hina hukoza siku ya pili yake. Kwa Iddi yenyewe mikono yao ilikuwa haina mpinzani mtaa mzima.

Ami akaenda msikitini kwa isha. Akarudi amechelewa.

"Wameswali tarawehe," akasema.

"Usiku wa Iddi?"

"Labda imamu hajala sambusa."

Kikao kikaitishwa barazani. Nikasema tuanze na gazeti lenyewe, kwa kuwa hata likiwa jipya halina dhamana. Chicago Daily Tribune ya 3 Novemba 1948 ilitangaza kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Wachapaji walikuwa wamegoma, ikabidi gazeti lipelekwe mtamboni mapema kabla kura hazijakamilika, na Truman aliyeshinda akapigwa picha amelinyanyua, meno yote nje. Sasa nakala moja ya lile ingefungiwa bajia hapa kwetu: Dewey angekuwa rais hadi leo, barua ya kumwomba viza ingeshaandikwa, na Ami angekuwa na mtu anayemjua mpishi wake.

"Geuza upande wa pili," akasema Salimu, mwana wa Ami, ambaye hajawahi kusoma gazeti kwa kuanzia mbele.

Upande wa pili palikuwa na mpira. Thierry Henry, jezi nyekundu ya Arsenal, tangazo la O2 kifuani.

"Henry amerudi Arsenal!" akapiga kelele jirani.

"Alirudi 2012 kwa mkopo," Salimu akamjibu, "ila hii si ile. Arsenal walivaa O2 kuanzia 2002 hadi 2006. Hii Iddi ina karibu miaka ishirini."

Kimya. Kisha harufu ya vitunguu ikapita, na wote wakageukia jikoni.

Papai lilikuwa limekwisha kazi yake. Nyama iliposongwa na mwiko ilikubali bila ubishi, mifupa ikabaki peke yake kama nguzo za gati. Haikuwezekana kuitunza, kwa hiyo ikapikwa usiku huo, na kwa mara ya kwanza nyumba yetu ikala daku ya biriani, kwa kijiko. Kwa ladha, sikuona kosa.

Jioni iliyofuata sambusa zikaja ndani ya kipande kingine, hiki nacho hakina tarehe juu. Nyanya, aliyekuwa amewacheka wote kutwa, akaomba asomewe. Salimu akasoma: noti za zamani za shilingi elfu moja hazitatumika tena baada ya 30 Septemba. Ni habari ya 2019, kila mtu barazani aliijua.

Nyanya akafungua fundo la leso yake, akatoa noti kumi na moja zilizokunjwa pamoja, akazihesabu mara mbili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Septemba bado."

Ami akanitazama mimi, mimi nikamtazama Salimu, naye akageuza karatasi upande wa pili kutafuta matokeo ya mpira.