Fremu ya Kaboni, Chumvi ya Malindi na Hoja Isiyo ya Uzito

Kila unapokaribia msimu wa kusafiri kwenda kushindana bara, waendesha baiskeli wa Malindi huurudia mjadala wao wa siku zote: mshindani anayebadilisha fremu anunue ya kaboni, yaani ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, au abaki na ya alumini aliyoizoea? Wanaoipenda kaboni husema ni nyepesi, wakanyamaza wakidhani wameshamaliza. Wanaoikataa husema huvunjika kama kigae, na kwamba kuanzia Mambrui hadi Watamu hakuna fundi awezaye kuitengeneza. Nimeusikiliza mjadala huu miaka mingi, na naona kwamba kaboni imepata mawakili wabaya kuliko inavyostahili, kwa kuwa wameitetea kwa hoja iliyo dhaifu kuliko zote ilizo nazo.

Ninayoizungumzia ni baiskeli ya milimani yenye shokomzoba mbele pekee, ambayo wenyewe huiita haditeili. Katika viwanja vya dunia aina hii imekwisha kupitwa. Julien Absalon alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa juu yake, lakini mwaka 2012 huko London Jaroslav Kulhavý, mwenye shokomzoba mbele na nyuma, alimshinda Nino Schurter aliyekuwa na haditeili. Na Schurter mwenyewe alipopata dhahabu ya Rio mwaka 2016 alikuwa ameshahamia upande wa pili. Hayo ni ya njia zenye miporomoko ya mawe iliyopangwa kwa makusudi. Sisi mazoezi yetu ni mchanga mweupe wa upande wa miombo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, udongo mwekundu wa Magarini, na vijia vya mawe ya matumbawe vinavyokwaruza tairi bila kumrusha mtu. Shokomzoba ya nyuma ina viungo vya kuchezea vyenye beringi kadhaa, na kila moja ni mlango wa mchanga na chumvi. Kwa mkaazi wa pwani haditeili inatosha, na suala hilo naliacha hapo.

Sasa huo uzito. Fremu nzuri ya kaboni ya mashindano huwa na takriban kilo 1, na zile za bei ya juu kabisa huteremka chini ya hapo. Ya alumini iliyotengenezwa vizuri huwa kwenye kilo 1.6 hivi. Tofauti ni gramu 600. Mchukue mshindani wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 10, jumla kilo 75: gramu 600 ni asilimia 0.8 ya mzigo wote unaopandishwa mlimani. Katika mlima mkali wa kupanda kwa dakika 10, ambapo karibu nguvu zote zinapambana na mvutano wa ardhi, asilimia 0.8 ni kama sekunde 5. Sekunde 5 si kitu cha kudharau pale mshindi anapoamuliwa kwa urefu wa gurudumu. Lakini gramu 600 ni uzito wa chupa moja ya maji ya mililita 600, na hakuna mtu wa Malindi aliyefanya mazoezi mwezi wa Februari, kaskazi likivuma na jua likiwa utosini, aliyewahi kutoka nyumbani na chupa moja. Hutoka na mbili, wengine tatu. Faida yote ya fremu ya bei mara mbili au zaidi inaning'inia katika kishikio cha chupa, na baada ya nusu saa mshindani atakuwa ameinywa. Najua jibu lake: chupa huisha na fremu haiishi, na mwenye kaboni naye atainywa yake. Ni kweli, wala sekunde 5 hazikanushwi. Ninachosema ni kwamba hazitoshi kumfanya kijana auze shamba la korosho la babake, na anayeinunua kaboni kwa ajili ya sekunde hizo atajuta kila atakapopitwa mlimani na mwenye alumini aliyelala mapema.

Kwa hiyo upande wa alumini una haki yake. Fremu yake ni rahisi, na fedha zinazobaki zikiingia kwenye tairi nzuri zisizo na tyubu na rimu nyepesi huleta manufaa yanayohisika siku ya kwanza. Ikigongwa hubonyea, na kibonyeo kinaonekana. Ikipasuka, ufa huanzia kwenye mchomeleo na mwenye macho huuona kabla haujafika mbali. Hustahimili buti la basi la usiku kwenda Nairobi, ambako baiskeli hulazwa chini ya magunia ya watu wengine, bora kuliko kaboni inavyolistahimili. Na hili kwetu ni jambo kubwa, kwa kuwa fremu nyingi hazijeruhiwi njiani katika mashindano, hujeruhiwa zikiwa mizigo.

Lakini ile sifa nyingine ya alumini, kwamba inatengenezeka popote, haina msingi. Imeazimwa kutoka kwa chuma. Fremu ya chuma ya baiskeli ya mizigo huchomelewa na fundi yeyote wa jua kali na kesho yake ikabeba madumu ya maji. Alumini inataka mtambo wa gesi ya argoni na mkono uliouzoea, na hata ikichomelewa vizuri, sehemu iliyopata moto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mpaka fremu ipashwe upya kwa utaratibu maalumu katika tanuri. Tanuri hiyo hapa haipo. Fremu ya alumini iliyopasuka Malindi ni ya kutupwa.

Kaboni ni habari nyingine, na hapa ndipo naona watu wetu, kati ya watu wote, hawana udhuru wa kutoielewa. Boti za faiba zinazotoka kuvua kila alfajiri zimeundwa kwa nyuzi zilizolazwa katika utomvu unaoganda. Boti ikigonga mwamba, fundi huikata sehemu iliyoharibika, huipiga msasa kwa mteremko mpana kuzunguka tundu, hulaza tabaka juu ya tabaka, na boti hurudi baharini. Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa mantiki ileile. Tofauti zipo: nyuzi ni za kaboni, gundi lazima iwe epoksi wala si ile ya bei nafuu ya boti, na nyuzi zifuate mwelekeo wa zile zilizokatika, kwa kuwa nguvu ya kaboni iko katika mwelekeo wa nyuzi zake. Simshauri mtu yeyote ampelekee fundi wa boti fremu yenye ufa shingoni, panaposhikilia foko. Kosa la hapo linaweza kumuua mwendeshaji. Lakini mrija wa nyuma uliochubuliwa na jiwe ni kazi inayofundishika, na mikono inayoweza kufundishwa iko ufukweni hapa hapa.

Nyuzi hizo hizo ndizo zinazoeleza mwendo wake. Mtengenezaji anaweza kuikaza fremu mahali pedali zinaposukumwa na kuilegeza kidogo katika mirija iliyo chini ya kiti, jambo ambalo mirija ya alumini hulifanya kwa shida. Tairi pana yenye upepo wa kiasi hupunguza mtikisiko kuliko fremu yoyote, hilo nakiri. Ila mashindano ya kimataifa ya mzunguko huchukua kati ya dakika 80 na 100, na mgongo wa mtu wa haditeili hulitambua hata punguzo dogo dakika ya 70.

Kisha kuna chumvi. Kaboni yenyewe haipati kutu. Kinachopata ni metali iliyoigusa, na huipata vibaya zaidi kwa sababu ya kuigusa. Kaboni hupitisha umeme, na pale alumini inapokutana nayo kwenye unyevu wa chumvi panakuwa kama betri ndogo inayokula upande mmoja tu, wa alumini. Unga mweupe unaotokea una ujazo mkubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo huvimba na kubana. Mwaka juzi nilisaidia kuitoa nguzo ya kiti ya alumini iliyokaa miezi kumi na minne ndani ya fremu ya kaboni ya rafiki yangu anayeishi hatua chache kutoka pwani. Tulianza na mafuta ya kupenyeza, siku tatu. Tukajaza nguzo barafu ya wavuvi ili alumini inywee, kisha tukaongeza chumvi ili barafu izidi ubaridi, na mtu akacheka kwamba tunamwita mwizi aje kutusaidia kutafuta mali. Mwishowe tuliikata nguzo kwa msumeno, ukanda kwa ukanda, kutoka ndani. Fremu ilipona. Rafiki yangu anailaumu kaboni mpaka leo, nami bado namwambia kwamba kilichooza ni alumini, na kilichokosekana ni dakika kumi kila mwezi za kuitoa nguzo, kuifuta na kuirudisha.

Watengenezaji walilijua tatizo hili tangu fremu za mwanzo zilizogandisha mirija ya kaboni kwenye viungo vya alumini, ambazo viungo vyake viliachia. Dawa mojawapo ni kuweka tabaka jembamba la nyuzi za kioo kati ya kaboni na metali, maana kioo hakipitishi umeme. Yaani faiba ile ile ya boti.

Hoja ya alumini inayonisumbua kweli ni ya mtumba, kwa sababu wengi wetu hatutanunua fremu mpya. Kaboni iliyopigwa inaweza kuachana matabaka ndani huku rangi ya nje ikiwa salama. Kuigonga kwa sarafu na kusikiliza mahali sauti inapofifia husaidia, lakini hakutoi uhakika. Muuzaji asiyeeleza baiskeli ilikoanguka na mnunuzi asiyeweza kuona ni soko baya, na kwa asiye na mtu wa kumwamini katika ununuzi huo, alumini mpya ni bora kuliko kaboni ya kubahatisha.

Mwenye kuweza kuipata kwa uhakika, mimi namwambia aichukue, na aiangalie kwa jicho la mkaazi wa pwani. Beringi za ekseli ya pedali ziwe za kufungwa kwa hesi, kwa kuwa zile za kushindiliwa huanza kulia zikipata mchanga na kuzitoa kunataka vifaa maalumu. Nyuma pawe na nafasi ya tairi ya inchi 2.4, hata kama atashindana kwa 2.2. Kipande kinachoshikilia giya ya nyuma kiwe cha kufunguka, na anunue cha akiba siku hiyo hiyo, maana hapa hakipatikani. Nguzo ya kiti iwe ya kaboni pia, ipakwe grisi yake maalumu yenye chembechembe za kuongeza mshiko, na ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibanio, ambacho mara nyingi ni newtonmita 5 au 6. Spana za vipimo za gereji za magari zimeundwa kwa nati za magurudumu, na hazisomi vizuri kiasi kidogo namna hiyo, kwa hiyo spana ya vipimo ya baiskeli nayo iingizwe katika bei ya fremu.