Mwacheni Mbunge Aulizie Kisima

Kila Bunge linapokaa Dodoma, lawama ni ileile, tena huanza kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Mbunge anasimama na kuomba swali lake lipatiwe majibu. Naibu Waziri wa Maji anafungua karatasi yake, anasoma "kama ifuatavyo", na huko mitandaoni watu wameshaanza: hivi kweli Bunge la Jamhuri ya Muungano linakaa kuzungumzia pampu ya kijiji kimoja? Deni la taifa nani analiuliza? Mikataba je? Hayo ya visima si kazi ya diwani?

Swali hilo la mwisho huulizwa kwa kejeli, na anayeuliza hasubiri jibu. Jibu lipo. Zamani ilikuwa kazi ya diwani kweli. Siku hizi siyo.

Kwanza wakosoaji wapewe haki yao, maana wanachokiona kipo. Kipindi cha maswali kimejaa mazoea. Swali limepelekwa kwa Katibu wa Bunge siku nyingi nyuma, wizara imepata muda wa kutosha kulilainisha, na anayekuja kulijibu mara nyingi si waziri bali naibu wake. Jibu likishasomwa, hata kama halikusema lolote, mbunge atasimama na kusema, "Naishukuru Serikali kwa majibu mazuri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu yapi mazuri? Ameambiwa upembuzi yakinifu na usanifu wa kina vimekamilika na kwamba Serikali itaendelea kutafuta fedha. Miaka mitatu nyuma aliambiwa hivyohivyo. Kisha wenzake nao wanasimama mmoja mmoja, kila mtu na kijiji chake: na kwangu je, ni lini?

Halafu wana hoja nzito zaidi, ya Juni 2021. Katika mkutano uleule wa bajeti ambao kila asubuhi ulianza kwa barabara na zahanati, ndimo ilimopita tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Ilipoanza kukatwa Julai 15, wananchi wakapiga kelele ambazo Bunge halikuzipiga, na haukupita muda Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, kisha mwaka uliofuata ikapunguza tena. Wakosoaji wanasema: mnaona sasa? Wawakilishi walikuwa wanahesabu mabomba wakati mfuko wa mwananchi unafunguliwa kwa nyuma. Ni hoja inayouma, na sijawahi kusikia mbunge wa Bunge lile akiijibu vizuri.

Lakini tuiangalie saa. Kipindi cha maswali kikichukua muda wake wote kinakwisha saa nne na nusu asubuhi. Baada ya hapo kuna matangazo na wageni wanaotambulishwa kwenye jukwaa (haya ndiyo ningeyapunguza mimi, maana kuna siku wageni wanakula muda kuliko hati za mezani). Kinachofuata ni mjadala wa bajeti, mchana ule na jioni ile, wiki kwa wiki, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Nafasi ya kuikataa tozo ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuikataa. Katika uchaguzi wa 2020 chama tawala, CCM, kilichukua majimbo 256 kati ya 264. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Ibara ya 71 inasema mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti. Na siku ya kuipigia kura bajeti, Katibu anawaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kila mtu aseme ndiyo au hapana nchi nzima ikisikia. Futa maswali yote ya visima ya mwaka ule, waongezee wabunge saa zote hizo, kura ingebaki vilevile.

Kwa hiyo tozo haithibitishi kwamba maswali ya vijijini yanalila Bunge. Inaonyesha kwamba mbunge wa chama tawala ana silaha chache sana ambazo akizitumia hazimgeukii mwenyewe. Anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuizuia bajeti ya wizara mpaka apate maelezo, lakini ataombwa airudishe, na kwa kawaida huirudisha. Anaweza kuchangia kwa ukali, ila atamalizia kwa kuunga mkono hoja mia kwa mia. Swali peke yake ndilo anaweza kuliuliza asubuhi, likamkera waziri, na jioni bado kadi ya chama iko mfukoni. Ibara ya 63 inampa haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na hapo hahitaji wingi wa kura wala ruhusa ya kambi yoyote.

Turudi kwa diwani, ambako wakosoaji wanapapita haraka mno.

Mpaka mwaka 2017 barabara za wilaya na za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mhandisi alikuwa mtumishi wa halmashauri. Daraja likisombwa, diwani alimbana kwenye baraza, mbele ya wenzake, na mkurugenzi akiwa palepale anaandika. Mwaka huo ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mwaka 2019, kwa sheria mpya ya maji, ikaja RUWASA, wakala wa maji vijijini, chini ya Wizara ya Maji, na Julai mwaka huo maji ya vijijini nayo yakahama. Sababu zilizotolewa hazikuwa za ovyo. Fedha zilikuwa zikigawanywa vipande vipande ili kila kata ipate kidogo, mhandisi akivutwa huku na huku na wanasiasa, na miradi ya maji ilikuwa ikikabidhiwa kwa mbwembwe huku bomba halitoi tone. Kuukabidhi uhandisi kwa wahandisi lilikuwa jambo la busara, na sehemu nyingi limezaa matunda.

Ila kila kinachohama huhama na wa kumwuliza. Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye baraza la madiwani, anasoma taarifa yake kwa adabu, anaondoka. Bajeti yake haikupitishwa na baraza lile, na bosi wake hayumo mle ukumbini. Wa RUWASA ni vivyo hivyo. Diwani anaweza kupaza sauti mpaka koo likauke, lakini aliyemwajiri meneja, anayempangia fedha na anayeweza kumhamisha, wote hao mstari wao unaishia wizarani. Na wizarani anayeingia kwa swali ni mbunge tu.

Fedha nazo zimefuata njia ileile. Kodi ya majengo ilikuwa pato la halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: ukinunua umeme umeshalipa. Bajeti ya 2021 hiyohiyo, ile ya tozo, iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini. Ni uamuzi ninaoukubali, maana barabara hizo zilikuwa zimesahaulika. Lakini tazama maana yake: mwendesha bodaboda wa Nachingwea akijaza mafuta, shilingi zake zinapanda kwanza Hazina, kisha ndiyo zirudi, zikirudi, kuwa kalavati la kwao. Swali la kalavati hilo ni swali la matumizi ya fedha ya taifa, na mwenye kulijibu yuko Dodoma.

Mbunge mwenyewe ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, jambo ambalo wengi hulisahau. Anayesimama Dodoma kuulizia kisima mara nyingi ameshakaa kwenye baraza lile, akasikia "jambo hili liko juu ya uwezo wetu", akafunga safari. Kumwambia amrudishie diwani ni kumtuma alikotoka.

Sasa hesabu moja inayonisumbua. Kipindi kinadumu saa moja hadi saa moja na nusu. Tuchukue dakika 90 zote, na tuseme siku hiyo kuna maswali ya msingi kumi na matano. Kila swali linapata dakika sita. Ndani ya dakika sita muulizaji aitwe, naibu waziri asome jibu lenye aya tatu, muulizaji ashukuru, aulize mawili ya nyongeza, ajibiwe, na wengine wawili watatu waingize ya kwao. Wabunge ni zaidi ya 390. Anayepata nafasi leo hajui ataipata lini tena. Watu hudhani anauliza kijiji kwa sababu upeo wake ni mfupi. Dakika sita zinaelezea zaidi. Ukiuliza sera ya maji ya taifa, utajibiwa kwa sera: mikakati, mipango, wadau wa maendeleo. Ukiuliza kisima cha kijiji kimoja, naibu waziri analazimika kukitaja kijiji, kusema kama kimechimbwa, kimegharimu shilingi ngapi, mkandarasi yuko eneo la kazi au ameondoka, na kitakamilika mwaka gani wa fedha. Udogo wa swali ndio unaolibana jibu. Waziri hawezi kujificha nyuma ya takwimu za taifa pale wanakijiji wenyewe wanapojua bomba linatoka au halitoki.

Jibu hilo linabaki. Linaingia kwenye Taarifa Rasmi, Hansard, kwa Kiswahili, na tovuti ya Bunge inaliweka wazi kwa anayetaka kulisoma. Mwalimu wa shule ya msingi, mwandishi wa redio ya jamii, diwani yuleyule aliyenyang'anywa meneja, anaweza kwenda nalo ofisi ya wilaya na kusema: Serikali ilisema Juni, na leo ni Oktoba. Hakuna mchango wa dakika kumi kuhusu uchumi wa dunia unaompa mwanakijiji karatasi ya namna hiyo.

Siwezi kudai kwamba wizi mkubwa unakamatwa hapa. Siku ambazo Bunge lilitikisa nchi zilitokana na kamati. Februari 2008 taarifa ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, chini ya Harrison Mwakyembe, ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Novemba 2014 suala la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow lilitua mezani kupitia Kamati ya Hesabu za Serikali. Kazi ya namna hiyo inataka nyaraka, mashahidi na Spika anayekubali kuiruhusu, wala haigombanii dakika na kisima. Bunge lililofanya Richmond nalo lilikuwa likiuliza barabara za vijijini kila asubuhi.

Majirani wamejaribu kuishi bila kipindi hiki. Katiba ya Kenya ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na kuanzia Bunge la 2013 swali la mbunge likawa linapitia kwenye kamati, likajibiwa huko au likalala huko. Mwaka 2023, Kanuni za Kudumu zikiwa zimerekebishwa, mawaziri wakaanza kuja ukumbini kujibu, ingawa wapo waliolalamika kwamba mipaka ya mihimili ya dola inavurugwa. Ila Kenya kuna ugatuzi: maji ni kazi ya kaunti, na gavana ana bunge lake la kumhoji. Mbunge wa Kenya akiulizia kisima cha kijijini kule Nairobi, huyo kweli amekosea mlango. Sisi tumeipandisha kazi juu, halafu tunamcheka anayeifuata huko.

Udhaifu ninaouona mimi uko baada ya jibu. Uganda ina kamati ya Bunge ya kufuatilia ahadi za Serikali, na Kenya ina Kamati ya Utekelezaji. Dodoma, ahadi ikipita muda wake, mara nyingi anayeikumbusha ni mbunge yuleyule, kwa swali jipya, akisubiri tena zamu ya dakika sita. Ingetosha kwamba kila mwanzo wa mkutano, Orodha ya Shughuli za Leo iambatane na jedwali la ahadi zilizofikia tarehe: kijiji, wizara, siku iliyotajwa, imetimia au haijatimia. Gharama yake ni ya kuchapa karatasi.

Najua atakachofanya naibu waziri akiona jedwali hilo. Ataacha kutaja tarehe. "Kadri ya upatikanaji wa fedha" itakuwa jibu la kila kitu. Dawa yake Spika anayo tayari: zimekuwepo asubuhi ambapo kiti kimeamuru jibu lisiloridhisha lirudishwe wizarani na swali lijibiwe upya. Amri hiyo itumike kwa kila jibu lisilotaja mwaka wa fedha, hata liwe la kisima kimoja cha kijiji kimoja.