Tuzo ya mtumbuizaji itolewe na aliyekuwepo ukumbini

Kwenye taarab au dansi, shabiki akiguswa hangoji kura. Anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Huko ndiko kutuza, na neno tuzo limetokana na kitenzi hicho.

Tuzo za Muziki Tanzania, zilizoanza 1999, zikasimama baada ya 2015 na kurejea 2022, zimewahi kuwa na kipengele cha mtumbuizaji bora. Kinachonisumbua ni kura za simu kwenye kipengele kama hicho. Anayepiga kura huenda hajawahi kumwona msanii jukwaani hata mara moja. Anachokijua ni wimbo na video.

Wanaotetea kura wana neno la kusikilizwa. Jopo la majaji haliwezi kuwa Mwanza, Mbeya na Unguja usiku mmoja. Likikaa Dar es Salaam litawatuza wa Dar es Salaam. Kura inamfikia hata shabiki wa Sumbawanga ambaye shoo kubwa hazimfikii.

Lakini tazama anayeumia: mpiga besi. Kama video inatosha kuleta tuzo, msanii awalipe wapigaji wanane wa bendi mazoezi ya wiki mbili, na nauli juu, ili iweje? Anapanda na DJ, wimbo uliorekodiwa unawekwa, anaimba juu yake. Nimewahi kusimama chini ya jukwaa nikaona maiki imeshuka mpaka kiunoni, msanii anahema, na sauti yake inaendelea spikani. Watu wakashangilia. Kijana aliyekuwa anajifunza gitaa la rizimu anajifunza nini hapo? Bendi za dansi za Msondo Ngoma, iliyotokana na NUTA Jazz ya 1964, na Sikinde ya 1978 zilijenga upinzani wao ukumbini. Mpiga gitaa la solo akiteleza, watu walijua palepale. Akipatia, walijua pia.

Na kupiga laivu kunawezekana. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 pale Zanzibar, limeshikilia laivu mia kwa mia, na wasanii wa kupanda jukwaa hilo hawajakosekana. Basi wateuliwe wasikilizaji wawili watatu kila mkoa, wakate tiketi kama watu wengine, wakae mpaka wimbo wa mwisho, waandike walichokisikia. Kura za simu zibaki kwa wimbo bora. Na siku ya kukabidhi, mpiga drams, mpiga besi na mpiga kinanda waitwe mbele kwa majina yao.